Risala ya Wanafunzi wa Chuo cha Ufundi, Kisumu, kwa Mgeni wa Heshima Siku ya Mahafali

Mheshimiwa Waziri wa Elimu wa Kaunti, Meneja wa chuo, wakufunzi, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa, ukitazama safu hizi utamwona kijana wa miaka 17 ameketi bega kwa bega na baba wa miaka 52. Huyo baba hakuja kumshangilia mwanawe. Ni wanafunzi wa darasa moja, uchomeleaji. Mwanzoni watu wazima tuliwaita Maruge, kwa kumkumbuka yule mzee aliyeingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Wao wakatuita watoto wa simu. Majina yangalipo, ila hayaumi tena.

Karakana ndiyo iliyotupatanisha. Mzee wetu huyo amechomelea mageti sokoni Kibuye zaidi ya miaka 20 bila cheti. Alitufundisha kuusikiliza moto: rodi ikilia kama samaki kwenye mafuta, mkono uko sawa, ikianza kupasukapasuka na kutema cheche, umeiinua mno. Lakini siku ya kusoma mchoro alitokwa na jasho. Aliona 1:20 pembeni mwa karatasi akadhani ni saa moja na dakika ishirini. Msichana wa miaka 18 akachukua chaki, akamchorea geti sakafuni. "Mzee, sentimita moja kwenye karatasi ni ishirini kwenye geti." Siku hizi anasema vyuma alivyoharibu kwa kukadiria kwa macho vingetosha kujenga banda.

Shida yetu, Meneja atuwie radhi, ni kwamba sheria za chuo zinatuona sote watoto. Muhula uliopita mama mmoja wa ushonaji alichelewa kwa ajili ya soko, akaambiwa asirudi bila mzazi. Kesho yake alikuja na mwanawe wa kidato cha tatu. Sisi tulicheka. Yeye hakucheka, na wiki nzima hakuonekana darasani.

Tunaomba masomo ya jioni kwa wenye biashara. Tunaomba pia mafundi wazoefu wasaidiwe ada ya mtihani wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, maana mtihani ule hupima kazi ya mikono, na mikono wanayo.

Ombi kubwa ni chumba cha watoto. Kina mama watatu wanashona huku wamebeba watoto mgongoni, na mtoto akinyoosha mkono anaikuta sindano. Mheshimiwa, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulea watoto katika kifungu kimoja. Sisi tunaomba viwe katika ua mmoja. Bohari iliyo nyuma ya karakana ya useremala haina kitu ila viti vilivyovunjika, na viti hivyo waseremala wetu wako tayari kuvitengeneza bila malipo.

Sasa tunakukaribisha upokee zawadi yetu, shati la kitenge. Ameshona mama yule yule aliyeambiwa alete mzazi. Mikono ikizidi urefu, yuko safu ya tatu na tepu yake shingoni.

Ahsante, Mheshimiwa.

Ni sisi wanafunzi wako.