Barua ya wazi kwa Msemaji wa Polisi: anayesaidia uchunguzi yuko huru au amekamatwa?

Afande Msemaji,

Taarifa zenu hazikosi sentensi hii: "Mtu mmoja anasaidia polisi katika uchunguzi." Nakuandikia wewe kwa kuwa ndiye unayeisoma mbele ya kamera.

Anayesaidia anaweza kuwa jirani aliyesikia kelele usiku, akaja mwenyewe kueleza. Anaweza pia kuwa mtu aliyetiwa pingu alfajiri, akavuliwa mkanda na viatu, na sasa yuko mahabusu. Wote wawili mnawaita wasaidizi. Wasikilizaji, bila shaka, humfikiria yule wa pili, na kabla jua halijazama watu wameanza kumkwepa mkewe.

Swali langu ni dogo: akiinuka sasa hivi aende zake, mtamwacha? Uingereza, ambako msemo huu umezoeleka sana, sheria ya polisi na ushahidi ya mwaka 1984 inasema aliyefika kituoni kwa hiari yake anaweza kuondoka apendapo, ila kama amekamatwa. Na polisi wakiamua kumzuia, sharti wamwambie papo hapo kwamba yuko chini ya ulinzi. Ni ama hili ama lile.

Wamarekani nao wana msemo wao, "mtu anayefuatiliwa". Mwaka 2002, Mwanasheria Mkuu John Ashcroft alimwita hivyo hadharani Steven Hatfill, daktari na mtafiti, katika uchunguzi wa barua zilizotiwa vimelea vya ugonjwa wa kimeta, zilizoua watu 5 mwaka uliotangulia. Hakushtakiwa kamwe. Mwaka 2008 serikali ilikubali kumlipa takriban dola milioni 5.8 kumaliza kesi aliyoifungua, kisha ikatamka kwamba hakuhusika. Miaka sita, afande!

Utasema "mtuhumiwa" ni neno kali zaidi. Ni kali, lakini linakuja na haki zake: aelezwe sababu ya kukamatwa, apate wakili, afikishwe mahakamani kwa wakati. Msaidizi hana saa inayohesabiwa.

Basi taarifa ijayo iseme wazi: amekuja mwenyewe, au amekamatwa, na kwa tuhuma gani. Jina lake libaki kwenu hadi ashtakiwe. Mkimwachia bila mashtaka, ziite kamera zilezile useme hivyo kwa sauti ileile, si kwa mstari mmoja unaotumwa Ijumaa jioni.

Wako,
Msomaji wa taarifa zenu