Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati Tendaji na ndugu wanachama wote mliofika,

Nawasalimu na nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu. Kabla sijasimama nilimwomba Katibu ahesabu watu mara mbili. Tuko 34. Akidi imetimia kwa ziada ya watu wawili tu, kwa hiyo anayetaka kutoka kupokea simu namwomba asiende mbali.

Shughuli za kawaida sitawachosha nazo maana mnazijua. Kamati Tendaji ilikutana mara 9. Mafunzo yalifanyika mara 3, na mahudhurio ya mara ya kwanza yaliridhisha. Hesabu zimekaguliwa na nakala mnazo. Tumepokea wanachama 4, watatu wamejitoa, jumla tuko 64. Waliofiwa tulikuwa nao. Mengine yamo kwenye kiambatisho cha Katibu.

Naingia kwenye jambo ambalo najua ndilo limewatoa wengi majumbani leo, yaani uamuzi wa kutoendelea na mkataba wa programu ya kusimamia simu na vishikwambi.

Kwa faida ya wanachama wapya, chama hununua kwa pamoja, kwa ajili ya biashara zenu, leseni za programu inayosimamia vifaa vya kazi vya mkononi. Ndiyo inayolazimisha simu ya kazi iwe na nywila, inayopeleka programu za kazi kwenye kifaa bila fundi kukishika, na inayofuta data kifaa kikiibiwa. Tulianza kununua pamoja ili tupate bei ya jumla, na wazo lilikuwa zuri. Mkataba uliokwisha ulisainiwa na kamati iliyonitangulia. Sisemi hivyo kumlaumu mtu, baadhi yao wamekaa hapa mbele na ni wakubwa zangu. Nasema tu kwamba saini iliyopo pale si yangu.

Mkataba ule ulikuwa wa leseni 900 za daraja la juu, kila mtumiaji leseni yake, kwa miaka 3. Ulikuwa pia na kifungu kwamba utajihuisha wenyewe kwa miaka mingine 3 endapo chama hakitatoa notisi ya maandishi siku 60 kabla ya kuisha. Kifungu hicho kiko ukurasa wa 17, kwa herufi ndogo. Nilikigundua mimi, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa.

Baada ya kukiona nilichukua daftari la leseni nikalilinganisha na orodha za wafanyakazi nilizowaomba. Kazi hiyo ilinila jioni 11, na posho sikudai. Leseni 214 zilikuwa za watu walioacha kazi, simu zilizopotea, na biashara 2 zilizokwisha fungwa. Mmoja wa hao wenye leseni alistaafu kabla mkataba haujasainiwa. Leseni nyingine 236 zilikuwa za wafanyakazi wa ofisini ambao waajiri wao tayari wanalipia kifurushi cha Microsoft 365 Business Premium, na humo ndani Intune, programu ya Microsoft ya kusimamia vifaa, imo. Wenzetu hao walikuwa wanalipia kazi ileile mara mbili, mara moja kwa Microsoft na mara moja kupitia chama, na hakuna aliyekuwa ameuliza. Zilibaki 450, na kati ya hizo 270 zilikuwa za watu wa zamu wanaopokezana vifaa 110.

Kwenye zamu ndipo leseni ya kila mtumiaji ilipotuumiza. Meneja mwenye simu, kishikwambi na kompyuta anafaidika nayo. Leseni moja ya Intune, kwa mfano, inabeba hadi vifaa 15 vya mtu mmoja. Lakini kishikwambi cha stoo, kinachoshikwa na mtu wa asubuhi, wa mchana na wa usiku, kilikuwa kinakula leseni 3. Kilipiwe kama kifaa, leseni ni 1, hata kikishikwa na ukoo mzima.

Juu ya hapo tulikuwa tunalipia daraja la juu. Niliwauliza wasimamizi wa vifaa katika biashara zenu wanatumia nini. Majibu yalikuwa yaleyale: nywila, kupeleka programu, kufunga kifaa kilichopotea, kufuta data. Hayo yote yamo kwenye daraja la chini.

Sasa nije kwenye lawama kwamba mwenyekiti aliamua peke yake. Niliitisha mkutano wa dharura, Katibu akatuma barua, ujumbe wa simu na tangazo kwenye kundi la WhatsApp, ambako watu 58 walionekana wamelisoma. Akidi ni watu 32. Wakaja 19. Tukasubiri saa nzima na robo, tukanywa chai, tukaahirisha. Mkutano wa pili walifika 23. Siku ile zilikuwa zimebaki siku 9 kabla ya tarehe ya mwisho ya kutoa notisi. Katiba yetu inairuhusu Kamati Tendaji kutenda kwa dharura pale chama kinapokabiliwa na hasara, na kamati ikatenda. Wajumbe 5 kati ya 7 waliafiki, mmoja alipinga, mmoja hakuwepo. Kumbukumbu zipo. Kama kuna mtu anaona tulipaswa kungoja akidi ya tatu, basi aseme pia ni nani angelipa leseni 900 kwa miaka mingine 3.

Imesemwa pia, na si mara moja, kwamba nilipewa chochote na mtoa huduma mpya. Bei za watoa huduma 4 zilifunguliwa mezani mbele ya wajumbe, na aliyeshinda hakuwa chaguo langu la kwanza. Sitalirudia hilo.

Kuna mwanachama aliyeandika kwenye kundi kwamba huduma hii ni bure na kwamba tunaibiwa. Namheshimu, lakini amechanganya mambo. Apple Business Manager, yaani tovuti ya Apple ya kusajili vifaa vya biashara, kweli ni bure, na usajili wa vifaa vya Android bila kuvigusa kimoja kimoja haudai malipo ya ziada kwa Google. Lakini hizo ni milango. Kifaa kikiwashwa zinakielekeza kwenye mfumo utakaokisimamia, na mfumo huo ndio tunaoulipia. Wanaotumia Google Workspace, yaani barua pepe na huduma za ofisi za Google, wana usimamizi wa msingi ndani yake, na kwa duka lenye simu 5 pengine unatosha. Wanachama 6 niliwashauri hivyo na wameshajitoa kwenye leseni za chama, jambo ambalo mwenyekiti anayekula kamisheni asingelifanya. Zipo pia programu huria kama Headwind MDM kwa Android na NanoMDM kwa Apple. Hazidai ada ya leseni, ila zinahitaji seva, na mtu wa kuiangalia seva usiku ikizima. Niliuliza katika kamati mtu huyo atakuwa nani. Kimya.

Wengine walisema tungebaki na jina kubwa lililozoeleka. Majina katika biashara hii hayakai. AirWatch, mojawapo ya programu za aina hii, ilinunuliwa na VMware mwaka 2014. VMware ikanunuliwa na Broadcom mwaka 2023, kisha sehemu yenye AirWatch ikauzwa, na tangu 2024 inaitwa Omnissa. Mshindani wake, MobileIron, aliingia Ivanti mwaka 2020. Mwaka huohuo Apple iliinunua Fleetsmith, kampuni nyingine ya kazi hiyohiyo, na mwaka 2022 huduma yake ikafungwa. Kwa sababu hiyo nilisisitiza mkataba mpya uwe wa mwaka 1, usijihuishe bila saini yetu, bei isipande zaidi ya asilimia 5 tukiendelea, na idadi ya leseni iweze kupanda na kushuka kila robo mwaka. Hilo la kushuka mtoa huduma mpya alilikataa mara mbili. Kuongeza leseni kila muuzaji anakubali siku hiyohiyo, kupunguza ndiko kunakoleta maneno. Nililipigania kwa simu nne, ya mwisho nikiwa safarini, na nafurahi kwamba limo.

Matokeo ni haya. Kutoka leseni 900 tumefika 315, zote kwa kifaa. Bei ya leseni moja imepanda kidogo maana tunanunua chache, na hilo wakosoaji wamelitangaza sana. Lakini gharama yote ya leseni imeshuka kwa asilimia 58. Ukiweka gharama za kuhama, kwa mwaka huu tumeokoa asilimia 41. Wale wa Intune sasa wanajisimamia wenyewe, na najua baadhi wamenuna kwa kuongezewa kazi. Mafunzo ya pili yalikuwa kwa ajili yao. Walikuja 3.

Kuhama hakukuwa laini, nakiri. Vifaa 160 vya Android vinavyomilikiwa moja kwa moja na biashara ilibidi virudishwe kama vilivyotoka kiwandani, maana kati ya mfumo wetu wa zamani na mpya hapakuwa na njia nyingine ya kuvikabidhi. Tulitangaza wiki 3 kabla. Bado kuna waliopoteza picha za harusi zilizokuwa kwenye simu za kazi, na mmoja alinipigia saa tano usiku. Vifaa 94 vyenye wasifu wa kazi, yaani sehemu ya kazi iliyotengwa na mambo binafsi, vilikwenda vizuri, kwani ilifutwa sehemu ya kazi tu na mambo binafsi ya mtu hayakuguswa. Nawaomba muwafahamishe hilo wafanyakazi wenu, ambao bado wanaamini mwenyekiti anasoma meseji zao.

Kilichotutesa ni vifaa 61 vya Apple. Kuvisimamia kunahitaji cheti cha kidijitali kutoka Apple, kinachohuishwa kila mwaka kwa akaunti ileile iliyokiomba mara ya kwanza. Cheti chetu kiliombwa, zamani hizo, kwa akaunti binafsi ya fundi ambaye ameshaondoka na hapatikani. Kikaisha wiki 5 kabla ya kuhama. Mfumo wa zamani ukapoteza mawasiliano na vifaa vyote 61 kwa siku moja. Apple, kuanzia toleo la iOS 26 la mfumo wa simu zake, imeweka njia ya kuhamisha kifaa kwenda kwa msimamizi mwingine bila kukifuta, lakini ni kwa vifaa vilivyoingizwa kwenye Apple Business Manager, na vyetu vilinunuliwa kimoja kimoja dukani. Ilibidi viletwe, wasifu wa usimamizi wa mfumo wa zamani utolewe kwa mkono, na programu za kazi zikaondoka nao pamoja na data zilizokuwa hazijahifadhiwa. Kwa usumbufu huo naomba radhi kwa niaba ya chama. Akaunti ile haikufunguliwa wakati wangu. Cheti kipya kiko kwenye akaunti ya chama, na tarehe yake nimeibandika ukutani ofisini kwa wino mwekundu.

Sasa ada. Kati ya wanachama 64, waliolipa kamili ni 38. Waliolipa nusu nusu ni 15. Ambao hawajatoa hata senti ni 11, na 2 kati ya hao ndio waliokuwa wa kwanza kuandika kwenye kundi kuhusu matumizi mabaya ya fedha za chama. Mtoa huduma mpya alikuwa tayari kutupunguzia asilimia 15 kama tungelipa mwaka mzima kwa mkupuo. Tarehe ilipofika Mweka Hazina hakuwa na fedha hizo, tukaingia mpango wa mwezi kwa mwezi. Asilimia 15 hiyo imeliwa na ada zisizolipwa, na waliolipa mapema ndio wanaoibeba.

Nimeulizwa kwa nini tusiwazimie wasiolipa. Wana vifaa 74. Nikivikatia leseni leo bila kuvifuta, vitabaki mikononi mwa watu vikiwa na barua pepe na orodha za wateja, bila mtu wa kuvifunga kikipotea kimoja. Kamati imeona si busara. Mimi binafsi kuna siku nimeiona ni busara sana, hasa mwisho wa mwezi, lakini nimeheshimu uamuzi wa kamati. Barua za tatu za kukumbusha zimetoka.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kuhamia malipo ya mkupuo, hali ikiruhusu. Tunafikiria kuangalia uwezekano wa kununua vifaa kupitia wauzaji wanaoviingiza moja kwa moja kwenye usajili wa Apple na wa Android, ili tusirudie yale ya vifaa 61. Kuna wazo la kamati ndogo ya vifaa, ingawa majina bado hayajapatikana. Uchaguzi utafuata ratiba ya katiba, na nimeombwa na baadhi yenu nifikirie kuendelea. Nafikiria.

La mwisho ni fomu za kuhesabu vifaa. Robo mwaka inaisha baada ya wiki 2, na leseni ambayo haikupunguzwa kwa tarehe hiyo tutailipia miezi 3 mingine. Fomu zilizorudi ni 23. Katibu amekaa pale mlangoni akiwa na fomu na kalamu, na nimemwomba asiondoke kabla yenu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti