Gofu ya kulipwa ilianzia kwa washona ngozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mwandishi wenu wa michezo ameandika kwamba gofu ni mchezo wa wenye nazo tangu ulipozaliwa. Mimi ni fundi viatu, mwaka wa 31 huu nashona ngozi, na neno hilo limenichoma. Mtu anayehesabiwa kuwa mchezaji wa kulipwa wa kwanza alikuwa mshona ngozi.

Ni Allan Robertson wa St Andrews, Uskoti, aliyezaliwa 1815. Kwao walirithishana kazi ya kutengeneza mipira ya gofu. Ngozi ililowekwa, ikakatwa vipande, ikashonwa, kisha ikageuzwa ili mshono uingie ndani, ikaachwa tundu ndogo. Kwenye tundu hiyo fundi alishindilia manyoya yaliyochemshwa, yanayojaa kofia nzima, kwa chuma alichokiegemeza kifuani. Ngozi ikikauka hunywea, manyoya yakikauka hutanuka, mpira unakuwa kama jiwe. Fundi hodari alitoa mitatu au minne kwa siku.

Nimejaribu mwenyewe kwa ngozi ya mbuzi na manyoya ya kuku. Sikufika hata nusu ya kofia. Kifua kiliniuma siku mbili, na mshono, mshono wangu mimi ninayeaminiwa na watu kwa soli, ukafumuka. Mwaka 1844 duka la Robertson lilitoa mipira 2,456.

Mwanagenzi wake alikuwa Tom Morris, mtoto wa mfumaji, aliyeingia ufundi akiwa na miaka 14. Mwaka 1849 wawili hao walishindana na ndugu wawili wa Musselburgh, akina Dunn, kwa dau la pauni 400. Walioweka fedha ni mabwana. Waliocheza, wote wanne, ni watu wa kazi. Robertson na Morris walishinda.

Kisha ukaja mpira wa utomvu wa miti ya rasi ya Malaya huko Asia, wa bei rahisi, unaofinyangwa kwa maji moto bila sindano. Robertson aliuona kama mwizi wa riziki yake. Siku moja Morris akaishiwa mipira uwanjani, bwana aliyecheza naye akampa wa utomvu aujaribu. Robertson akamwona. Wakatupiana maneno makali, na Morris akaondoka dukani. Ndala za plastiki zilipojaa sokoni kwetu, nami niligombana na kijana wangu wa kazi kwa jambo kama hilo, kwa hiyo simlaumu Robertson. Wala simlaumu Morris.

Mwaka 1858 Robertson alikuwa wa kwanza kumaliza uwanja mkongwe wa St Andrews chini ya mikwaju 80, na kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi: alipiga 79. Akafariki mwaka uliofuata. Mashindano ya kwanza ya wazi ya Uingereza yalifanyika Prestwick, Uskoti, mwaka 1860, wachezaji wanane tu, na Morris akawa wa pili, akizidiwa kwa mikwaju miwili. Baadaye aliyashinda mara nne, ya mwisho akiwa na miaka 46, na hadi leo mashindano hayo hayajapata bingwa mzee kuliko yeye.

Bingwa huyo alipopewa kazi ya kutunza uwanja wa St Andrews, alilipwa pauni 50 kwa mwaka, akakabidhiwa toroli, sepetu na koleo. Pembeni alikuwa na duka la fimbo: kichwa cha mti mgumu kilichomiminiwa madini ya risasi kwa nyuma, pembe ya kondoo dume chini yake, mpini wa mti wa hikori uliofungwa kwa gundi na uzi. Shimo la 18 la uwanja ule linaitwa kwa jina lake.

Namwomba mwandishi wenu akiandika tena awataje watu hawa. Na akipita Tanga, aulizie fundi viatu wa Ngamiani. Ule mpira uliofumuka bado ninao, shazia ipo na manyoya nitamtafutia.

Fundi Viatu,
Ngamiani, Tanga.