Tangazeni saa na mahali pa vikao vya wanaoacha pombe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni mshona nyavu hapa mwalo wa Kirumba, Mwanza, na huu ni mwaka wa nne sijagusa pombe. Zamani nilikuwa mtu wa viroba, ile pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki. Serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017 nikahamia kwenye gongo, pombe kali ya kienyeji, na hali ikawa mbaya zaidi.

Kuamua kuacha kulinichukua usiku mmoja. Kujua niende wapi kulinichukua miezi saba. Katika kituo kimoja cha afya niliambiwa, "Acha pombe baba, utakufa," nikaandikiwa dawa za tumbo, nikarudi nyumbani. Hakuna aliyeniambia kwamba hapa hapa mjini wapo watu wanaokutana kila wiki kusaidiana kuacha. Nilikuja kulisikia kwa abiria mwenzangu kwenye daladala ya Igoma, akaninong'oneza ukumbi wa kanisa fulani, Ijumaa jioni. Nikaenda, nikakuta kwaya inafanya mazoezi. Ijumaa iliyofuata nikakuta kufuli. Kumbe kikao kilishahamishiwa Jumatano. Kutoka pale hadi kwangu kuna vilabu vitatu, na jioni ile niliingia vyote.

Mara ya tatu nikawapata. Watu tisa, viti vya plastiki, birika la chai ya rangi. Mama aliyekuwa akigawa chai aliniangalia mikono jinsi inavyotetemeka, akanitilia nusu kikombe, akapita kwa mwingine bila kusema neno. Kikombe kikijaa kingenimwagikia mbele za watu, na yeye alilijua hilo kwa sababu lilishamkuta. Nimeshauriwa na wengi maishani mwangu, lakini ile nusu kikombe ndiyo iliyonirudisha Jumatano iliyofuata.

Kikundi chetu kinafuata utaratibu wa AA (Alcoholics Anonymous, yaani walevi wanaosaidiana kuacha bila kutajana majina), ulioanzia mji wa Akron, Marekani, mwaka 1935. Bill Wilson, mtu wa biashara za hisa, alikuwa hotelini huko, shughuli yake imeharibika, kiu imemkamata na sauti za baa anazisikia. Pale ukumbini palikuwa na orodha ya makanisa ya mji ule. Akachagua jina, akapiga simu kuuliza kama kuna mlevi anayeweza kuzungumza naye. Ndivyo alivyofikishwa kwa daktari Bob Smith, naye mlevi, na wawili hao wakaanzisha jambo ambalo leo limeenea duniani. Hakuna ada. Sharti ni moja tu, kutaka kuacha kunywa. Kila nikikumbuka habari hii nawaza ile orodha: kama isingekuwepo pale, Bill angeingia baa.

Sasa baadhi ya wenzangu wanasema tukibandika matangazo tutavunja siri. Nawaheshimu, lakini hapo sikubaliani nao. Siri ni ya mtu: jina lake na aliyoyasema mle ndani. Siku, saa na ukumbi havina siri. Karatasi moja yenye mistari mitatu ibandikwe hospitali za Bugando na Sekou Toure, kwenye zahanati, ofisi za serikali za mitaa, misikitini na makanisani. Kikao kikihama, karatasi ibadilishwe siku hiyo hiyo. Na daktari anayemwambia mtu aache pombe amwandikie kwenye cheti mahali pa kwenda.

Jambo la pili ni saa zenyewe. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi wakati wa giza. Jua likizama wako majini na taa zao, alfajiri ndiyo wanarudi. Kikao cha saa kumi na mbili jioni hawawezi kukipata. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapaki, watu wanakaa siku kadhaa na fedha mfukoni na hawana la kufanya. Hizo ndizo siku ambazo mwaloni pananuka gongo tangu asubuhi. Basi siku hizo ndizo ziwe za vikao, tena hapa hapa mwaloni. Ofisi ya BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, ina benchi na kivuli, inatosha. Visiwani, Ukerewe na kwingineko, ndivyo hivyo hivyo, na kule shida ni kubwa zaidi maana mtu hawezi kupanda boti kila wiki kwa ajili ya kikao cha muda wa saa moja tu.

Akina mama nao wapewe siku yao. Mwanamke mlevi anatukanwa mara mbili ya mwanamume, ndiyo maana hatumwoni.

Na nitoe angalizo. Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Siku za mwanzo anaweza kupata degedege au kuona vitu visivyokuwepo, na watu hufa kwa hilo. Aanzie hospitali, kikao kitamsubiri.

Mimi nimeshaanza na ninachokiweza. Mbalamwezi ijayo nitakuwa kwenye kibanda cha nyavu kila siku saa nne asubuhi, na birika la chai. Anayetaka aje tu, hata kama amelewa. Mikono ikitetemeka nitamtilia nusu.

Jina limehifadhiwa,
Kirumba, Mwanza