Ile sauti ya majani ya mstafeli

Habari za jioni wapendwa. Ile sauti iliyotumwa jana hapa kwenye kundi letu, ikidai majani ya mstafeli yanaponya saratani, nimeifuta. Aliyeituma alitaka kusaidia, najua, lakini hakuna ushahidi kwamba yanaponya saratani kwa binadamu, na baadhi ya dawa za mitishamba hugongana na kemo, yaani tiba ya dawa za saratani. Kama tayari unakunywa kitu, mwambie daktari bila kuona haya.

Kilichonitia hofu zaidi ni mwenzetu aliyekaa na homa siku mbili akimeza panadoli, akidhani ni baridi tu ya hapa Moshi. Jamani, ukiwa kwenye kemo homa ya nyuzi 38 ni dharura, hata iwe usiku wa manane. Chembe nyeupe za damu hushuka, mara nyingi kati ya siku ya 7 na 14 baada ya dripu ya kemo, na mwili unabaki bila mlinzi. Nunueni kipimajoto.

Mkienda kliniki hospitali ya KCMC, bebeni daftari la maswali yenu. Mama mmoja aliandika nyuma ya bahasha: "Ganzi ya vidole itaisha lini?" Akajibiwa vizuri kabisa. Anayehitaji wa kumsindikiza aniandikie pembeni.