Barua ya malalamiko: mfumo wetu wa mikopo kuachwa na udhaifu wa XML wa mwaka 2013

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UDHAIFU WA KIUSALAMA KATIKA MFUMO WA AKIBA NA MIKOPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni ofisa TEHAMA wa chama cha akiba na mikopo ambacho wanachama wake wanatumia mfumo mliotujengea na ambao mnautunza kwenye seva zenu. Hivi karibuni mkaguzi wetu wa nje alibaini kwamba mfumo huo unaendeshwa kwa Ruby on Rails (au Rails kwa kifupi, zana ya kujengea mifumo ya tovuti kwa lugha ya programu ya Ruby) toleo la 3.2.8. Toleo hilo lina udhaifu unaojulikana kwa namba CVE-2013-0156. Ulitangazwa tarehe 8 Januari 2013, na siku hiyohiyo watengenezaji wa Rails walitoa matoleo yaliyozibwa: 3.2.11, 3.1.10, 3.0.19 na 2.3.15. Tulipowaandikia mlitujibu kwa barua pepe fupi ambayo, niseme wazi, imetutia wasiwasi kuliko ripoti ya mkaguzi yenyewe.

Mlisema mfumo hautumii XML, yaani muundo wa kuandika data kwa vitambulisho, popote, kwa hiyo jambo hili halituhusu. Si kweli. Rails ya matoleo hayo husoma XML yenyewe, awe msanidi ameihitaji au hakuihitaji. Ombi likifika limejitambulisha kuwa ni application/xml, Rails hulifungua na kugeuza kila kipengele kuwa data ya Ruby. Kipengele chenye type="integer" huwa namba, chenye type="date" huwa tarehe; hadi hapo hakuna ubaya. Kasoro ni kwamba orodha hiyo ya aina ilikubali pia "symbol" na "yaml". YAML ni muundo mwingine wa kuandika data, na kisomaji chake cha Ruby cha wakati huo hakikuishia kwenye maneno na namba. Kiliweza kuunda kitu cha klasi (aina ya kitu katika msimbo) yoyote iliyomo ndani ya programu, na ndani ya Rails zimo klasi ambazo zikiundwa kwa maudhui yaliyopangwa kijanja, maudhui hayo huishia kuendeshwa kama msimbo kwenye seva. Yote haya hutokea kabla programu yenu haijamuuliza mtu jina wala nywila. Ni sawa na karani wa masijala anayefungua barua na kutekeleza lolote lililoandikwa ndani kabla ya kuangalia imetoka kwa nani.

Mkaguzi hakubahatisha. Kwa idhini yetu ya maandishi, na bila akaunti yoyote, alituma kwenye ukurasa wa kuingia ombi la XML lenye YAML sahihi isiyo na madhara. Likajibiwa kama kawaida. Alipotuma lenye YAML iliyovunjika makusudi, seva ikarudisha kosa la 500 (hitilafu ndani ya seva), ishara kwamba iliisoma YAML hiyo. Mfumo uliozibwa ungeyakataa yote mawili kwa namna moja. Ushahidi huo mnao tangu barua yetu ya kwanza, na hakuna aliyeugusia.

Mkaongeza kwamba tuko salama kwa sababu tuna HTTPS na fayawoli. HTTPS husimba mawasiliano, hivyo inazuia ombi lisisomwe njiani. Ombi la mdukuzi nalo linapata ulinzi huohuo. Na fayawoli yenu inaruhusu mlango wa 443, ule wa HTTPS, kwa sababu wanachama wanapitia hapohapo.

Kilichonikera zaidi ni sentensi yenu kwamba "logi hazionyeshi tukio lolote". Logi za kawaida za Apache, programu ya seva ya tovuti, haziandiki kilichomo ndani ya ombi la POST, yaani ombi linalobeba data kwenda kwenye seva. Zinaandika anwani, saa, njia na jibu. Kwa hiyo ukimya wa logi hizo hauthibitishi kwamba hatukuingiliwa. Unathibitisha tu kwamba hamkuwa mnaangalia. Uholanzi, habari hii ilipotoka, walifunga kwa muda DigiD, huduma ambayo wananchi huitumia kujitambulisha kwa ofisi za serikali, hadi izibwe. Ndani ya mwaka huohuo wa 2013 wadukuzi walikuwa tayari wanatumia udhaifu huu kuteka seva zilizoachwa.

Kuhusu ada ya ziada mnayoomba ili "kuhamia toleo jipya": mkataba wa matengenezo tunaoulipia kila mwaka unataja masasisho ya usalama. Kutoka 3.2.8 kwenda 3.2.11 si kujenga mfumo upya, na hatutalipia kazi hiyo mara mbili.

Tunachotaka ni hiki. Leo hii mzime kisomaji cha XML. Ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, na watengenezaji waliuandika kwenye tangazo lao. Kisha mpandishe toleo. Lakini msiishie hapo, maana aliyewahi kuingia anaweza kuwa ameshasoma secret_token, ufunguo wa siri wa mfumo, na kwa ufunguo huo anaweza kughushi kuki zenye saini (data ambayo kivinjari huitunza na mfumo huiamini) hata baada ya udhaifu kuzibwa. Ufunguo huo ubadilishwe, pamoja na nywila za hifadhidata na za huduma ya malipo kwa simu. Tunahitaji pia nakala kamili ya seva ilivyo sasa, kabla hamjagusa chochote, ili mkaguzi aichunguze. Baada ya hayo mtuletee mpango wa kuhamia toleo linaloendelea kutunzwa, kwa kuwa mstari wote wa 3.2 uliachwa zamani.

Ndani ya mfumo huo mna namba za vitambulisho vya taifa, mishahara na majina ya wadhamini. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 sisi ni mkusanyaji na ninyi ni mchakataji, na wajibu wa kuzilinda umetukamata wote wawili.

Bodi imesitisha malipo ya ankara ya robo hii hadi tupate majibu ya maandishi kwa kila jambo nililolitaja. Yasipofika ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, tutaipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pamoja na ripoti ya mkaguzi.

Wenu,

Ofisa TEHAMA
Kwa niaba ya Bodi ya Chama

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Mkaguzi wa Nje, Mwanasheria wa Chama