Ultrasaundi isiwekwe kando sindano inapoingia

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie wagonjwa wa saratani wanaopandikizwa porti, yaani kile kikopo kidogo kinachofichwa chini ya ngozi ya kifua, kikiwa kimeungwa na mrija unaopita ndani ya vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, hadi karibu na moyo, ili dawa kali kama doksorubisini, ambazo zikivuja nje ya mshipa mdogo wa mkono huunguza nyama na kuacha kidonda, ziingie moja kwa moja kwenye damu nyingi iendayo kasi.

Kwa miaka mingi daktari aliitafuta vena hiyo kwa kupapasa: alitazama misuli ya shingo na mfupa wa mtulinga, akakisia, akachoma. Mara nyingi alifanikiwa. Hata hivyo maumbile hayafanani, na ateri kubwa ya shingo, mshipa unaotoa damu moyoni, imelala ubavuni mwa vena huku ncha ya pafu ikiwa jirani, kwa hiyo sindano iliyopotoka kidogo iliweza kutoboa ateri au kusababisha hewa kujaa kifuani. Ultrasaundi, yaani mashine inayoonyesha ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, ilipunguza sana kubahatisha huko, na mwaka 2002 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilipendekeza itumike kwa vena ya shingo.

Ninacholalamikia ni kuitumia nusu nusu. Wapo wanaopitisha kichwa cha mashine shingoni, wakatia alama ya kalamu kwenye ngozi, kisha wakaiweka kando na kuchoma kama zamani. Mgonjwa akigeuza shingo kidogo tu, alama na vena vimeachana. Faida kubwa imo katika kuifuata ncha ya sindano mpaka inapoingia, nami nasema ncha kwa makusudi, maana mwili wa sindano nao hung'aa kwenye skrini na kumhadaa hata mzoefu. Kabla ya hapo, kubonyeza taratibu hufichua mengi: vena isiyo na tatizo hubonyea mara moja, ateri hukaidi na kudunda, na vena iliyozibwa na damu iliyoganda, tatizo linalowaandama wagonjwa wa saratani, haibonyei ipasavyo.

Mashine hii nayo ina mipaka, kwani haionyeshi vizuri mwisho wa mrija ulipofika, hivyo eksirei au kipimo cha umeme wa moyo bado kinahitajika.

Naziomba hospitali ziandike katika fomu ya ridhaa iwapo ultrasaundi itatumika wakati sindano inapoingia, si kabla yake tu.

Muuguzi, wodi ya saratani